Mbegu Iliyoombwa Majini

Boya lilisema nyuzi thelathini na tano wakati Kazija anavuka mkondo kuja kwangu. Ni sauti ya kike isiyochoka, inatangaza joto la maji kila nusu saa, na sisi tumeizoea hata mtu akiulizwa saa ngapi hujibu kwa nyuzi. Nilikuwa ndani ya wavu wa kitalu, nimeinama, nakung'uta mchanga kwenye mwani. Nilimwona tangu mbali na nikajua anachokuja kutaka. Mara mbili alikwisha kunijia nyumbani kuniomba, na mara mbili nilimkatalia.

Nyumbani unaweza kukataa. Ndiyo desturi ya wanawake wa mwani hapa kwetu kaskazini ya Pemba, tumeikuta kwa mama zetu. Mtu akikuomba mbegu barazani, hiari ni yako. Utampa, au utamwambia angoje bamvua lijalo, yale maji makubwa ya mwezi, au utasema huna. Lakini akikujia majini, maji yamemfika magotini, akaishika kamba yako na kuomba, humrudishi. Mama zetu walisema mwenye kamba tupu akirudishwa majini hatii mguu tena baharini, na aliyemrudisha ndiye aliyemtoa.

Kazija akafika, akasimama upande wa nje. Hakunisalimu. Kamba zilikuwa ndani, hazifikii, basi akaushika wavu.

"Mize," akasema, "naomba mbegu."

Nilimwambia shoga, usinifanyie hivi. Akanijibu hanifanyii kitu, ameomba tu. Kamba zake arobaini zilikuwa tupu tangu Januari, mwani umepauka na kukatika vipande vipande kama tambi zilizopitiliza jikoni. Na si wake tu. Pwani nzima ilikuwa inapauka. Mwani mnene ulikwisha kufa zamani, sisi bado wasichana, ukabaki huu mwembamba, na sasa huu nao ulikuwa unatuaga. Mtoto wake wa kiume alikuwa amemwekea chumba Dodoma. Mwenyewe alikisema chumba hicho kwa dharau, kwamba kule atalishwa na kulazwa kama kuku wa mayai. Aliniambia bamvua hili likipita bila mbegu, anafunga mizigo.

Nami nilikuwa nimesimama katikati ya mwani mwekundu, mzito, rangi ya zambarau iliyoiva, kwenye maji ya nyuzi thelathini na tano, haujapauka hata ncha.

Mwani ule haukuwa wangu. Ulikuwa wa mjukuu wangu Nyezuma, au tuseme wa Kituo cha Mbegu za Bahari, ambako yeye alikuwa mtafiti. Waliuita Namba Saba. Nyezuma aliniweka mimi mlinzi wa kitalu kwa sababu nina mikono ya kazi hiyo na kwa sababu, alisema, mimi ni mtu wa subira. Sheria ilikuwa moja. Tawi lisitoke nje ya wavu mpaka lipite kusi tatu, yaani misimu mitatu ya baridi, wajue tabia yake. Likitoka kwa mkono wa mlinzi, kitalu kinafungwa na Kituo kinanyang'anywa ruhusa ya kupanda baharini. Na Namba Saba ilikuwa haijaiona hata kusi moja. Ilipandwa Disemba, siku ile ilikuwa Aprili.

Ningeweza kumwambia Kazija kwamba wavu si kamba. Nililifikiria hilo, na nikaona aibu kulifikiria. Tumetahiriana watoto, tumezikiana waume. Nikauweka mkono wangu kwenye kibao cha mlango, mlango ukanijua, ukafunguka. Nikampa viganja viwili.

*

Kazija aliukata mwani ule vipande vidogo vidogo, akafunga kamba moja. Baada ya wiki mbili akaukata tena, zikawa kamba nne. Ndivyo mwani ulivyo, hauna haja ya ua wala tunda. Unaukata tawi, tawi linakuwa mama mwingine, na huyo mama ni yuleyule wa kwanza. Ukiwa na viganja viwili na mkono wa haraka, baada ya miezi miwili, mitatu, una pwani.

Wa kwanza kuuona alikuwa Raya, ambaye hapitwi na kitu. Alisimama kwenye kamba za Kazija, akashika kiuno, akamuuliza kama ameolewa na jini wa baharini na huu mwani ndio mahari, au vipi. Wanawake wakacheka. Kazija akasema ameuokota ufukweni. Hakuna aliyeuliza mara ya pili, kwa sababu kabla ya kicheko kwisha Raya mwenyewe alikuwa ameishika kamba, maji magotini, anaomba mbegu.

Kazija akampa. Angemkataliaje? Raya akampa shemeji yake, shemeji yake akampa jirani. Mimi nilikuwa ndani ya wavu naangalia kamba zinavyogeuka rangi, moja baada ya moja, kuelekea kusini. Mwani wetu wa zamani, ule uliobaki mwembamba mgonjwa, ulifunguliwa kwenye kamba ili kupisha nafasi, ukatupwa ufukweni ukakauka. Niliona na hilo pia. Siku moja nilimwambia Raya asiutupe wote, abakishe kamba moja. Akaniuliza mgonjwa wa kazi gani nyumba ikishapata mzima.

Sitasema sikufurahi. Wanawake walirudi baharini. Kulikuwa na kupigana mizaha tena, kutambiana kwa mafundo ya kamba, mtu anamwita mwenzake kutoka kamba ya kumi na nne kumwuliza amepika nini. Nilikuwa sijasikia sauti hizo miaka mingapi. Usiponiuliza naweza kujidanganya kwamba nilinyamaza kwa ajili yao.

*

Nyezuma alirudi Juni. Alikuwa Unguja kwenye maabara miezi minne. Alishuka kwenye chombo cha Kituo, hakuja nyumbani, alisimama pale maji yanapoanzia na viatu vyake mkononi, akaitazama pwani nyekundu. Nilikuwa nachambua mbaazi alipoingia. Akakaa kwenye mkeka, akaniamkia, nikamwitikia. Halafu akasema mlango wa kitalu unaandika kila kiganja kinachoufungua, na siku, na saa.

Nikamwambia ndiyo. Nikamweleza jinsi ilivyokuwa.

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Mama yake, mwanangu Saumu, alifia kwenye kamba mwaka ule wa nyuzi thelathini na nane, joto lilimwangusha akiwa amepiga magoti anafunga mwani, na tulimkuta maji ya kujaa yanamfunika. Nyezuma alikuwa na miaka tisa. Alisoma alichosoma kwa ajili hiyo. Aliniambia tu kwamba hawajui kusi itaufanyaje mwani huu, na kwamba ndiyo maana ya wavu.

Kusi ilikawia mwaka ule, na ilipokuja ikaja na maji baridi kutoka chini. Boya likasema ishirini na sita. Likasema ishirini na nne. Kwa mwani wa zamani hiyo ilikuwa neema, ndio msimu wake wa kunenepa. Namba Saba ilianza kulainika kwenye kamba za Kazija, ambazo zilikuwa za kwanza kupandwa. Siku ya pili ukiushika unabaki mkononi kama ute. Siku ya tano hapakuwa na kamba yenye mwani kutoka kwetu hadi rasi ya pili, na ndani ya wavu nako hakukubaki kitu. Bahari ilinuka. Watoto walijifunga leso puani wakienda chuo cha Kurani.

Nyezuma alikusanya ute ule kwenye vichupa, akaupeleka kwenye mashine zake, na wiki ya tatu akanieleza alichokiona. Alinieleza kwa lugha ya nyumbani, kama alivyozoea.

Ndani ya kila chembe ya mwani, alisema, mna vitu vinavyofanya kazi ya uhai, na kila kimoja kimekunjwa kwa namna yake, kama nguo kabatini. Maji yakipata moto sana vinakunjuka, vinasongamana, na mwani unakufa. Lakini wako walinzi. Joto likipanda huamka, wakapita wakivikunja upya kimoja kimoja. Mwani wetu wa zamani walinzi wake walikuwa wachache na wazito wa usingizi. Wao Kituo walikwenda wakachukua jeni ya walinzi kutoka kimwani kidogo chekundu kinachoota kwenye vidimbwi vya mwamba, kile tunachokikanyaga, ambacho jua la saa saba linakichemsha kila siku na hakifi. Wakaitia kwenye mwani mkubwa. Ikawa Namba Saba.

"Tulichukua walinzi, Bibi," akasema. "Hatukumchukua anayewalaza."

Kumbe kile kimwani cha mwamba kina jeni nyingine, imekaa mbali kabisa na ya kwanza, na hakuna aliyejua kuwa ni jamaa moja. Hiyo kazi yake ni kuwaambia walinzi basi, maji yamepoa, lalani. Namba Saba haikuwa nayo. Walinzi wake hawakulala tangu siku ya kwanza. Na mlinzi naye anakula. Wakati wa joto mwani ulikuwa unakula jua la kutosha kuwalisha. Kusi ilipoleta mawingu na baridi, chakula kikapungua, walinzi wakaendelea kukesha, wakaula mwani wenyewe kutoka ndani.

Nikamuuliza kama anaweza kumtia huyo mlazaji. Akasema anaweza. Miaka mitatu, minne, kwa mbegu zilizomo kwenye chupa za Unguja. Akiachiwa.

*

Wakati huo kijiji kilikuwa kimekwisha kupata wa kumlaumu. Mwani ulianza kulainika kwa Kazija, kila mmoja alipata mbegu kwa Kazija au kwa aliyepata kwa Kazija, na mwani wa rangi ile ulikuwa ndani ya wavu wa Kituo peke yake. Basi Kazija aliiba. Hayo ya kuokota ufukweni yakawa hadithi ya mwizi. Raya ndiye aliyelisema kwanza, na nadhani alilisema kwa uchungu, maana ndiye aliyetupa mwani wa zamani wote asibakishe hata tawi.

Kazija hakusema nani kampa. Walimuuliza kisimani, walimuuliza msibani, akawa anajibu kwamba alichokula na wao walikula. Asubuhi moja nilikuta mlangoni kwake wamemmwagia mwani uliooza, kapu zima, umeteremka kwenye ngazi. Nilichukua ufagio nikafagia, nikamwaga maji. Yeye alikuwa dirishani. Nilifagia vizuri sana, hata kwenye nyufa, na nikarudi nyumbani nikiwa nimefanya kila kitu isipokuwa kile kilichotakiwa.

Wiki tatu zilipita hivyo. Kisha ikaja habari kwamba mkaguzi wa mbegu anakuja na ataketi na wananchi.

Siku moja kabla, Nyezuma alinifuata jikoni. Nilikuwa nimechoka kumsubiri aseme. Alisema ameifuta ile alama ya kiganja changu kwenye kumbukumbu za mlango. Alisema ikiwa ni wizi, ni shauri la mtu mmoja na Kituo kitaendelea. Ikiwa ni mkono wa mlinzi, wavu unang'olewa kesho yake, chupa za Unguja zinamwagwa kwa sheria, na hakuna mwingine popote anayejua habari za mlazaji. Pwani nzima itabaki na kamba tupu, si ya kwetu tu.

Nikamwambia kwamba Kazija naye ana jina la kulinda.

"Najua," akasema. "Na mimi nina mama niliyemzika. Nikupe nini, Bibi, unyamaze?"

Nilimpa ugali akala.

*

Tulikaa kwenye banda la kuanikia mwani, kwa sababu lilikuwa tupu. Mkaguzi, Bwana Shaame, alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi. Alieleza sheria taratibu, akasema hakuja kumtisha mtu, anataka kujua tu mbegu ilitokaje. Macho ya watu wote yalikwenda kwa Kazija. Nyezuma alikaa karibu na mkaguzi, kibao chake cha kumbukumbu magotini.

Nilikuwa nimekesha na jambo hilo na asubuhi nilikuwa nimekata shauri kwamba nitasema. Lakini nilitaka kwanza mkaguzi amalize, nikatafuta maneno, nikayapanga. Maisha yangu yote nimesifiwa kwa kutokuwa na haraka. Nikiwa bado nayapanga, Kazija akasimama.

"Niliiba," akasema. "Nilikata wavu, nikachukua. Niandikeni."

Banda likavuma. Nikainuka, nikasema kwa sauti niliyokuwa nayo kwamba hakuiba. Aliniomba majini nikampa kwa mkono wangu, mlango niliufungua mimi.

Halafu Raya, kutoka nyuma, akasema, wala hakusema kwa ubaya: "Bi Mize huyo. Hata paka akimwibia samaki atasema alimpa."

Wakacheka. Walicheka kwa kunipenda, na hicho ndicho kilichonimaliza. Mwanamke mmoja akanishika mkono kunikalisha, akaniambia mama, tunaujua moyo wako. Nikasema tena. Nikataja siku, nikataja nyuzi. Mkaguzi akanitazama kwa heshima, akamgeukia Nyezuma, akamuuliza mlango unasemaje.

Nyezuma alinitazama mimi. Nimemlea tangu ana miaka tisa, nayajua macho hayo yakiwa na homa na yakiwa na njaa. Nilimwomba kwa macho. Nadhani na yeye aliniomba.

"Mlango haukufunguliwa siku hiyo," akasema. "Bibi yangu ana huruma."

Mkaguzi akaandika. Kamba za Kazija zikaondolewa, na kiganja chake kikatiwa kwenye kila wavu wa pwani kama kiganja cha mwizi, ili akikaribia wavu upige kelele. Kutia mguu kwenye shamba lolote la mwani akakatazwa mpaka mwisho wa umri wake.

Nilimkimbilia njiani, nikikimbia kwa miguu hii. Nikamwambia nitakwenda Unguja, nitakwenda kwa wakubwa wa huyo mkaguzi, nitasema mpaka wanisikie. Akasimama, akanigeukia, na alikuwa na hasira kwelikweli.

"Wiki tatu, Mize," akasema. "Wiki tatu nilikusubiri mlangoni kwangu, ukaja na ufagio. Sasa hilo jina la mwizi nimeshalimeza mwenyewe, nimelimeza ili mwani upatikane. Usije ukanitapisha bure."

Akatengeneza buibui lake, akaenda. Mizigo yake ilikuwa imefungwa tangu asubuhi. Mwanawe alikuwa na gari Wete linamngoja.

Sikwenda Unguja. Huo ndio ukweli. Nilisema nimemwachia atakavyo yeye, na labda ni hivyo, na labda miguu ilikuwa mizito na mjukuu alikuwa mmoja. Nilimwambia Nyezuma atafute mlinzi mwingine. Hakubisha.

*

Namba Nane, ile iliyotiwa mlazaji, ilikaa ndani ya wavu kusi tatu kamili. Maji yalipopoa ikanenepa, yalipochemka haikupauka. Nyezuma alizeeka katika miaka hiyo, sijui aliona nini kwenye vichupa vyake, alikuwa anakula amesimama. Kila Ijumaa alinunua muda wa simu akampigia Kazija Dodoma, na Kazija hakupokea. Mimi alinipokea. Aliniuliza habari za watu, nani kazaa, nani kafa. Habari za bahari hakuuliza. Kisha mwaka wa tatu, kabla ya Ramadhani, ni mwanawe aliyepokea, akaniambia wamekwisha kuzika.

Siku ya kuitoa Namba Nane wavuni wanawake wote walishuka, na wengine walikuja kutoka rasi ya pili na ya tatu. Fundo la kwanza la kamba mpya kwetu hufungwa na mwanamke mkubwa kuliko wote pwani, na aliyebaki mkubwa ni mimi. Wakanishika mikono kunishusha, maana siku hizi siwezi mwamba peke yangu. Raya alikuwa analia hata kabla hatujafika.

Nyezuma alikuwa majini, ameshika tawi moja. Zuri, siwezi kusema si zuri. Jekundu, zito, linatoa maji. Akalinyoosha kwangu kwa mikono miwili. Akasema, kwa sauti ya mimi na yeye tu, "Bibi, funga. Tafadhali."

Niliwatazama wale wanawake, kamba zao begani, wengine na binti zao. Watakula na watoto wao kwa tawi hili, na ni haki yao, sikuwaonea choyo. Walikuwa wananingoja mimi niwaombee dua. Nikawaomba kwanza wamwombee Kazija binti Faki, ambaye hakuiba. Wakaitikia amina kwa adabu, kama mtu anavyoitikia maneno ya mzee, na nikaona kwamba hata sasa wanadhani ni huruma yangu.

Nyezuma peke yake hakuitikia.

"Ulisema mlango haukufunguliwa," nikamwambia. "Basi mkono wangu haumo katika mwani huu. Funga wewe."

Akainama. Mikono yake imezoea vichupa, haijui kamba iliyolowa. Fundo lake lilikuwa baya, mkondo ukalifungua, akalishika tawi lisiende, akalifunga tena, likafunguka tena. Wanawake walikuwa wanamtazama yeye, wananitazama mimi. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake, mikono yangu ndani ya kanga, na sikumsaidia.